Brashi ya Hewa Uliyoichagua Mwenyewe

Akiru mwanangu,

Umeenda Amagoro kumuaga nyanya yako, na najua atakulisha mara mbili kabla ya kukuachilia. Mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako. Habari ya kufunga mlango, ya kutotoa simu barabarani na ya kupiga ukifika, amekuambia wiki nzima na kesho pale steji ya mabasi atakuambia tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa kwenye benchi la karakana, kisanduku cha brashi yako ya hewa kiko mbele yangu, nacho ndicho kilichonifanya nitafute karatasi.

Mimi si mtu wa barua. Maandishi yangu mengi yako kwenye milango ya malori: jina la mwenye gari, uzito wake, na maneno ambayo dereva amechagua ya kumlinda njiani. Kwa hivyo ukiona herufi zimenyooka lakini habari inazunguka, nivumilie. Nitafika.

Wale watu wa Nairobi waliokupa kazi ya kutengeneza mifano midogo ya majengo walikuambia uje na brashi yako mwenyewe ya kupulizia rangi. Ukaniomba nikusindikize Busia tuichague, na ilikuwa haki yako kuniomba, maana nimepulizia rangi malori ya Malaba tangu kabla hujazaliwa. Tulipofika dukani ukaniuliza naonaje, nikakujibu mkato, "Chagua wewe." Njiani tukirudi ulinitazama kama mtu anayejiuliza amemkosea nani. Hukuwa umenikosea. Nataka ujue kwa nini nilinyamaza, na kwa ajili hiyo lazima nirudi nyuma miaka kadhaa, kwenye lile tangi la mafuta.

Ulianza na malapa. Ulikuwa darasa la tatu ulipokata malapa yangu ya kuogea ukatoa magurudumu sita yaliyolingana. Mama yako alitaka kukuchapa, mimi nikayachukua nikayapanga mezani, nikashindwa kuona lililo kubwa kuliko mwenzake. Watoto wengine walikuwa wakichora lori kama sanduku lenye magurudumu mawili. Wewe ulikuwa unatoka langoni, unakaa juu ya lile jiwe, unatazama foleni ya trela zinazosubiri kuvuka, kisha unarudi kuniuliza kwa nini ekseli ya mbele ya trela fulani imeinuliwa na haigusi lami. Mimi niliyeyapaka rangi hayo malori sikuwa nimewahi kuliona hilo.

Mzee Swaleh ndiye aliyekuona. Unamkumbuka, dereva wa tangi, mtu wa Busia mjini, mpole, aliyekuwa akingoja karatasi zake za forodha na kuja kukaa kivulini kwetu na chupa yake ya chai. Siku moja alikuja na boksi limechakaa pembeni. Ndani kulikuwa na tangi la mafuta la plastiki la kuunganisha, vipande vidogo vidogo vingi, vingine kama kucha ya mtoto. Alikuwa amemnunulia mjukuu wake, mjukuu akachoka nalo siku ya kwanza. Akakupa wewe.

"Dada," akakuambia, "hii unganisha pole pole. Ukimaliza upake rangi kama gari langu, nyeupe na kijani. Nikipita nataka kuiona."

Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza sekondari kule Butula, unalala shuleni, kwa hivyo kazi ile ilikula likizo mbili nzima. Nilikuwa nikipita nyuma yako nakuona umeinama, ulimi nje kidogo, ukisugua kiungo na msasa uliochakaa mpaka mstari wa gundi unapotea. Ulibandika ngazi ya nyuma ya tangi kwa kibanio cha nywele cha mama yako. Mwisho ukapaka rangi ya msingi, ile ya kijivu, kwa brashi ya kawaida, ukaipandisha juu ya rafu ya karakana. Siku ya kurudi shule ulinishika mkono ukanionyesha pale juu.

"Papa, usiiguse. Nitamalizia mwenyewe nikifunga shule."

Nikasema sawa.

Wiki kama tatu baadaye Mzee Swaleh akapita kwenda Kampala, akauliza gari lake limefika wapi, akasema atakuwa anarudi keshokutwa. Nililala nikiliwaza jambo hilo. Asubuhi nikaiteremsha ile modeli.

Nilijiambia nakusaidia, lakini haikuwa hivyo. Nilitaka Mzee Swaleh aikute imekamilika, awaite madereva wenzake, waseme huyu fundi anaweza kupaka hata kitu cha ukubwa wa kiatu. Likizo mbili zako nilitaka kuziwekea sahihi yangu kwa dakika kumi.

Nikachanganya rangi ya lori, nikaizimua kwa thina kama ninavyoizimua kila siku, nikachukua bunduki yangu ndogo ya kupulizia rangi, ile ya kurekebishia milango. Ilitoka vizuri. Kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai ilikuwa inang'aa, kijani kimekaa sawasawa, na mimi nimesimama pale nikijisifu. Kisha rangi ikaanza kukunjamana, kama utando wa maziwa yakipoa. Nikadhani ni rangi tu. Nikachukua kitambaa chenye thina nifute nianze upya, na hapo ndipo nilipoimaliza. Tangi likawa laini chini ya kidole changu, likabonyea. Kijani kikatoka na kitambaa, na ngazi yako ikatoka nacho. Kikabaki kijivu kilichovurugika, na alama ya dole gumba langu ubavuni.

Thina ya magari inakula plastiki. Hilo sikuwa nalijua, kwa sababu mimi napaka chuma. Na sikuuliza, kwa sababu mtu aliyepaka malori mia hawezi kwenda kuuliza jinsi ya kupaka mwanasesere.

Nikairudisha juu ya rafu, ubavu mbaya ukitazama ukuta. Mzee Swaleh alipopita nikamwambia bado. Nilikuwa na mwezi mzima wa kufikiria nitakachokuambia. Mwezi ule niliupoteza.

Ulifunga shule, ukaingia na sanduku lako, hata maji hukunywa, ukaenda moja kwa moja kwenye rafu. Nakumbuka ulivyoigeuza ukaitazama ubavu, chini, tena ubavu. Hukulia. Ukasema, "Mbona inanuka thina?"

Nikakujibu, "Hapa kila kitu kinanuka thina."

Kisha nikaongeza uongo mwingine juu ya ule. Nikakuambia huenda rangi yako ya msingi haikukauka vizuri, na lile joto la mabati la mchana likaimaliza. Nilisema kwa sauti ya fundi, ile ninayotumia kumweleza mwenye gari kwa nini rangi yake imepasuka. Wewe ulikuwa unanisikiliza kama fundi. Ukaniuliza ungepaswa kungoja siku ngapi, nikakutajia.

Ulikuwa na daftari la modeli zako. Siku chache baadaye lilikuwa wazi mezani nikaona umeandika, "Msingi haukukauka. Kosa langu." Ukapiga mstari chini. Nikalifunga lile daftari taratibu nikatoka nje, nikasimama barabarani nikitazama magari.

Hata hapo ningeweza kusema. Kuna siku nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo, nami naiandika ili usidhani nimeisahau. Likizo ileile Mzee Swaleh alisimamisha gari. Ulitoka mwenyewe kumpokea, mikono yako nyuma. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nasafisha pua ya bunduki iliyokuwa tayari safi. Nikakusikia ukimwambia, "Samahani mzee, ile gari niliharibu. Nilipaka msingi haraka."

Akacheka kwa upole. Akakuambia hata yeye alipojifunza trela alirudi nyuma akabomoa choo cha watu, na kwamba akipata nyingine atakuletea. Kisha akainua macho akanitazama mimi. Sijui kama alijua. Dereva mzee hunusa rangi na thina kama sisi. Mimi niliinamia ile pua nikaendelea kuifuta. Baada ya miezi michache walimhamishia njia nyingine, na tangu hapo hajapita Malaba.

Ukaomba msamaha kwa kosa langu, mbele yangu, na mimi nikakuacha.

Nikaona nikulipe kwa zawadi badala ya kwa ukweli. Ndiyo ile brashi ya kwanza. Niliiona kwenye kibanda upande wa soko, imefungwa kwenye plastiki ngumu yenye picha ya gari jekundu, nikaichukua bila hata kuifungua. Bunduki ya lori siwezi kununua bila kuijaribu na maji na kusikiliza inavyopumua, lakini ile ya kwako niliichukua kama mtu anayenunua peremende za kunyamazisha mtoto. Ilikuwa ile yenye chupa inayoning'inia chini na mkebe wa gesi badala ya kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Ukibonyeza, hewa na rangi hutoka pamoja kwa kipimo kimoja, huna namna ya kupunguza.

Ulifurahi. Uliipulizia kadi ya boksi siku nzima. Na kila baada ya muda mfupi ule mkebe ulikuwa unapoa mkononi mwako mpaka unatoa jasho, nguvu inaisha, brashi inaanza kutema matone. Ulikuja kunionyesha kadi imejaa madoa. Mimi nikiona madoa ya aina ile najua bila kuuliza kwamba hewa haitoshi. Nikakuambia, "Ni mkono tu. Utazoea."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu kukubali kwamba brashi ni mbovu ilikuwa kukubali kwamba nimenunua vibaya, na nilihisi uzi mmoja ukivutika wote utafumuka. Ulijitahidi siku mbili nyingine. Siku ya tatu nilimsikia mama yako akikuuliza mbona umeirudisha kwenye boksi, ukamjibu, "Hii kitu si yangu. Mimi nitasoma tu."

Rafu ikakaa tupu zaidi ya mwaka. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na ulishaamini mambo mawili kuhusu mikono yako, yote nimeyasema mimi, yote si kweli.

Mwaka ule ndio nilioanza kukohoa. Daktari pale zahanati aliniuliza huwa navaa nini nikipulizia, nikamwambia leso. Hakunigombeza. Aliandika tu kitu, akaniambia nikae mbali na rangi mpaka anione tena. Nikawa nakaa nyumbani, na ulipofunga shule ukawa ndiye unayeniletea uji asubuhi, ukikaa ukingoni mwa kitanda kuhakikisha nimemaliza. Niliapa nitakuambia. Kila asubuhi nilikuwa na maneno tayari, na kila asubuhi ulikuwa mwema mno, nikaona nitakuharibia siku. Sasa najua nilikuwa nailinda siku yangu mimi.

Ulirudi kwenye kazi yako bila msaada wangu. Hilo nataka ulishike. Mwalimu wako wa jiografia alitaka mfano wa mji wa mpakani, na mwenzako mliyepewa kazi naye alikuwa hajui kukata hata mkate. Ukaanza na kadi na gundi, ukatengeneza barabara, geti la forodha, foleni ya trela zilizo ndogo kuliko kidole, na kila moja umeipaka kwa brashi ya nywele chache. Mimi niliitwa siku ya wazazi nikaonyeshwa pamoja na wazazi wengine. Nikatafuta karakana yetu nikaikuta, na mlangoni umeweka mtu mmoja mdogo wa nyaya, amesimama. Mwalimu akapiga picha, akazituma anakojua, na kutoka hapo mlango mmoja ukafungua mwingine mpaka ukapigiwa simu ile ya Nairobi.

Sasa turudi Busia, wiki tatu zilizopita, dukani kwa Mama Sauda.

Unajua Mama Sauda ameuza vifaa vya mafundi miaka mingi, nguo yake ya buibui imejaa vumbi la msasa siku zote, na anajua kusifu bidhaa. Alipotuona akateremsha lile boksi kubwa la kung'aa, lenye brashi tatu, sindano zimepangwa kama vijiko vya harusi, na kompresa ndogo ya kutosha kiganjani. "Mzee, hii ndiyo watu wanachukua," akaniambia mimi, si wewe. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nilikuwa nataka kulishika boksi lile, Akiru. Nilikuwa nataka kukununulia kubwa.

Nikauona mkono wangu pale hewani nikaurudisha mfukoni. Ndipo uliponiuliza naonaje, nami nikakujibu vile.

Halafu nikakutazama ukifanya kazi. Uliliweka boksi kubwa kando kwa adabu, ukamuuliza Mama Sauda kama ana moja tu iliyo nzuri badala ya tatu. Akakutolea ile yenye kikombe juu. Ukaomba maji, akakupa kwenye kifuniko cha chupa. Ukaomba gazeti. Ukabonyeza kwanza bila kuvuta, hewa tupu ikatoka, ukaitikia kwa kichwa. Ukavuta nyuma kidogo sana, mstari ukaja mwembamba kama uzi, ukavuta zaidi ukapanuka, ukaachia ukafa pale pale. Ulifanya hivyo mara nyingi mpaka Mama Sauda akaacha kuongea akaja kusimama upande wako kuangalia. Uliichomoa sindano, ukaiinua kwenye mwanga kuona kama ncha imenyooka, ukairudisha mwenyewe. Ukataka kujua kama sindano na pua zake zinapatikana peke yazo zikiharibika, ndipo ukauliza kompresa.

Ile ndogo ya kiganjani hukuitaka. Ulimwambia hewa yake inakuja kwa kusukumasukuma kwa sababu haina tangi, na kwamba hewa ikibanwa hutoa maji, kwa hivyo unahitaji na kile kichujio cha kunasa maji kabla hayajafika kwenye rangi. Ukaomba aiwashe usikie kelele, maana utakaa chumba cha kupanga na kuna watu upande wa pili wa ukuta. Mimi nimefanya kazi hii miaka yote na jirani sijawahi kumfikiria hata mara moja.

"Huyu anajua kitu anataka," Mama Sauda akaniambia. "Mzee, umemfundisha vizuri."

Nikaomba barakoa yenye vichujio viwili, nikakuvalisha pale pale kuona kama imebana mashavuni. Ulinicheka, ukasema nimekufanya nzi. Hilo ndilo neno langu pekee katika ununuzi ule, nalo nililisema kwa sababu nalijua kwa kifua changu. Ivae hata ukiambiwa rangi ni ya maji. Ivae hata wenzako wasipoivaa.

Nilidhani nimepona, kwamba kukaa kimya dukani kumelipa. Kisha ikaja Jumanne.

Jumanne ulitandika vijiko vya plastiki hapa kwenye benchi, vile vyeupe vya sherehe. Uliniambia ndivyo watu wa modeli wanavyojaribu rangi kabla ya kuigusa kazi yenyewe. Kimoja ukapulizia rangi ya maji, kingine ile ya chupa ndogo uliyonunua. Cha tatu ukaniomba rangi yangu ya lori na thina, kidogo tu, uone itakuwaje. Nilikupa. Ningesema nini? Nikaenda kujifanya natafuta funguo nyuma ya karakana.

Niliporudi ulikuwa umekishika kile cha tatu. Kilikuwa kimejikunja na kukunjamana, mpini umelegea. Ulikigeuza vile vile ulivyoligeuza lile tangi, ubavu, chini, tena ubavu. Kisha ukasema, bila kuniangalia, "Papa, hii inafanana na ile tangi ya Mzee Swaleh."

Na mimi nikanyamaza tena.

Ulisubiri. Najua ulisubiri, kwa sababu mkono wako ulikuwa umesimama na hukukiweka kijiko chini. Baadaye ukakiweka, ukaenda kunawa, na jioni ulikula ukiongea na mama yako kuhusu shuka. Tangu Jumanne hujaniuliza tena. Umenipa nafasi siku nne, kwa heshima, na ndiyo maana nimeshindwa kukuangalia usoni.

Kwa hivyo hili ndilo jibu lako. Niliipaka mimi, baada ya kuniambia nisiiguse. Rangi yako ya msingi ilikuwa imekauka. Nilijua siku ile ile, na nikakuacha ulibebe kosa langu. Brashi ya kwanza ilikuwa mbovu, na hilo pia nilijua. Mikono yako haikuwa na kasoro wakati wowote ule.

Wazazi huandika barua kama hii wakijaza hekima. Mimi nina kidogo, nayo nimeipata kwa kukuharibia. Huko uendako utaharibu kazi ya mtu. Kila fundi anaharibu. Kuna saa moja, labda hata chini ya saa moja, ambapo kusema "ni mimi" ni jambo la aibu tu, linapita. Ukiiacha ipite, unaanza kujenga juu yake, na kila siku unaongeza tofali, mpaka mtoto wako anakuletea uji kitandani na huwezi kumtazama. Nilikuwa na saa ile. Niliitumia kufuta rangi na kitambaa.

Na ukikutana na fundi mkubwa akakuambia shida ni mkono wako, msikilize, kisha kakague hewa, kakague sindano. Huenda anasema kweli. Huenda ni mtu kama mimi.

Sikuombi unisamehe kwa sababu unaondoka. Safari isikuharakishe. Mama yako sijamwambia bado. Nitamwambia leo, ili usibaki wewe na siri yangu.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche chini ya kompresa, uipate ukishafika Nairobi, umbali wote huo ukiwa kati yetu. Hata nilishaikunja. Kisha nikajiona nikifanya yale yale, nikiigeuza ubavu mbaya utazame ukuta. Nimeikunjua. Ukirudi kutoka Amagoro nitakupa mkononi, kungali mchana. Ukitaka kuisoma peke yako, chumba ni chako. Ukitaka kuisoma hapa mbele yangu, nitasimama, na safari hii sitashika kitu chochote mkononi.

Papa yako